Pedali Mbili za Kushoto

Waceke alikuwa mtu wa simu. Kwa miaka mingi alikuwa katibu muhtasi katika ofisi ya mawakili kule Upper Hill, na kazi yake, ukiondoa kupiga chapa na kupanga mikutano, ilikuwa kuwatafuta watu wasiotaka kutafutwa. Shahidi aliyeingia mitini, daktari asiyetaka kutoa ripoti, ofisa wa ardhi ambaye faili humpotea kila akiulizwa: wote hao Waceke aliwapata. Aliwasemesha kwa sauti tamu isiyo na haraka, akawauliza hali ya watoto, na kabla hawajajua walichofanywa, walikuwa wameshakubali. Mawakili vijana waliambizana kwamba jambo likikwama, mpelekee Waceke.

Ndiyo maana kisa cha baiskeli kilimuuma kuliko kilivyostahili.

Kilianzia nyumbani kwake Kilimani, Jumamosi moja alasiri. Mumewe, Ephantus, alikuwa akitazama mpira, naye alikuwa kitini na simu yake, akipitisha kidole juu ya matangazo bila nia ya kununua chochote. Mara akaiona. Baiskeli ya starehe, zile wanazoziita kruza, rangi ya kijani ya majani machanga, usukani mpana kama pembe za fahali, kiti kinene kama mto. Chuma cha katikati kilikuwa kimeinama chini kabisa, ili mtu aliyevaa gauni aweze kupanda bila kujifunua. Mwanamke mwenye mvi alikuwa akiiendesha kando ya ziwa fulani, kikapu cha mbele kimejaa maua, akicheka peke yake.

Waceke aliitazama picha hiyo muda mrefu. Kule kwao Kikuyu, baba yake alikuwa na baiskeli nyeusi ya kubebea maziwa. Ndugu zake wote wa kiume walijifunzia hiyo, wakaanguka, wakachubuka magoti, wakajua. Siku aliyoiparamia yeye, mama yake alimshusha kwa sikio. Msichana hapandi chuma, aliambiwa, na mjadala ukaishia hapo. Tangu siku hiyo alikuwa amesoma, ameolewa, amelea binti yake Shiko, amesomesha wadogo zake. Lakini baiskeli hakuwahi kupanda.

"Baba Shiko, hebu tazama hii."

Ephantus alitupa jicho. "Ni ya nani?"

"Yangu."

"Mama Shiko, wewe hujui kuendesha baiskeli."

"Nitajuaje na sina?"

Ephantus alikuwa na busara ya mtu aliyeoa zamani. Alirudi kwenye mpira wake. Akasema tu, kama anayejisemea, "Na mbona bei iko chini hivyo?" Waceke hakumjibu, kwa sababu alikuwa ameshalipa.

Duka lenyewe lilijiita Pepea Baiskeli. Siku hiyohiyo lilimwandikia kwamba oda yake iko njiani. Wiki iliyofuata bado ilikuwa njiani. Mwezi ukaisha, iko njiani. Ephantus akawa anauliza wakati wa chakula kama baiskeli inakuja yenyewe kwa kuendeshwa kutoka China. Kisha asubuhi moja, Waceke akiwa katikati ya mkutano, simu ikalia.

"Madam, niko kwa geti."

"Geti gani? Mimi niko kazini."

"Hii ya hapa. Nimeachia soja." Na simu ikakatwa.

Jioni alimkuta Wambua, mlinzi wa jengo lao, ameegemea katoni iliyopasuka pembeni na kufungwafungwa kwa kamba ya katani. "Imefika hivyo hivyo, Mama Shiko," Wambua alisema haraka, akijitoa lawamani kabla hajalaumiwa.

Waliipandisha juu kwa kusaidiana. Ndani mlikuwa na vyuma vilivyoviringishwa povu, mfuko wa nati, na karatasi ya maelezo isiyo na neno hata moja alilolijua, ila picha ya mwanamume akitabasamu na spana mkononi. Kile kijani cha majani machanga kilikuwa kimegeuka kijani cha dawa ya kikohozi. Kikapu hakikuwemo. Waceke alirudi kwenye tangazo, akalikuza kwa vidole, na pale chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, palikuwa pameandikwa kwamba kikapu na maua ni vya maonyesho tu.

"Na ziwa je?" Ephantus aliuliza.

"Nisaidie kushika hapa, uache maneno."

Kwa kweli Ephantus alisaidia. Wanaume wengi hawawezi kupita chuma kisichofungwa, naye alikuwa mmoja wao. Walifunga usukani, wakafunga magurudumu, wakafunga kiti. Pedali ya kushoto iliingia vizuri. Ya kulia ikakataa. Ephantus aliizungusha huku, akaizungusha kule, akapiga magoti, akatoa jasho, akaipaka mafuta ya kupikia. Haikuingia hata uzi mmoja.

Kesho yake waliitia baiskeli kwenye buti ya gari, nusu ikining'inia nje, wakampelekea Musembi, fundi anayetengeneza baiskeli na pikipiki karibu na soko. Musembi alizitazama zile pedali akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka alipoona uso wa Waceke.

"Mama, ya kulia huingia kwa kuzungusha hivi. Ya kushoto huenda kinyume. Sasa hizi zako zote ni za kushoto. Ona, zimepigwa muhuri L."

"Zote mbili?"

"Zote."

"Basi niuzie ya kulia moja twende nyumbani."

Lakini hilo nalo halikuwa rahisi. Tundu za baiskeli ile zilikuwa nyembamba kuliko za baiskeli zote alizozizoea Musembi. Alijaribu kila pedali aliyokuwa nayo kwenye debe. Iliyoingia ilikuwa moja tu, ya plastiki, iliyotolewa kwenye baiskeli ya mtoto, na Musembi alipoikanyaga kuipima, ikapasuka vipande viwili chini ya kiatu chake. Akajikuna kichwa.

"Naweza kukuchomelea hiyo ya kushoto hapo kulia. Nikiunganisha na welding, haitoki milele."

"Haitoki milele," Waceke alirudia polepole. "Hapana, Musembi. Mimi nilinunua baiskeli nzima, na nzima wataileta."

Hapo ndipo alipokutana na Debra.

Pepea Baiskeli haikuwa na mtu wa kushika simu. Namba iliyotolewa iliita, ikapiga wimbo wa furaha, ikakata. Palikuwa na ujumbe tu, na upande wa pili wa ujumbe, Debra. "Hujambo mteja wetu mpendwa," Debra aliandika. "Pole sana kwa usumbufu. Tafadhali tuma picha." Waceke alituma picha ya pedali mbili, kila moja na L yake. Debra akashukuru, kisha akaomba picha ya bidhaa ikiwa ndani ya katoni ambayo haijafunguliwa.

Waceke alisoma ujumbe huo mara kadhaa. Alimwonyesha Ephantus ili ahakikishe hajakosea kusoma.

"Nikiwa sijaifungua," aliandika, "ningejuaje kuna shida?"

"Pole sana kwa usumbufu," akajibu Debra. "Tafadhali tuma video ukiiendesha, ili mafundi wetu waone tatizo."

"Debra, mwanangu. Nitaiendeshaje bila pedali?"

"Asante kwa maoni yako. Tafadhali tupe nyota tano."

Mambo yaliendelea hivyo, asubuhi na jioni. Kazini, yule yule aliyemtoa ofisa wa ardhi mafichoni alikuwa akinong'ona na simu yake chini ya meza kama msichana aliyeachwa. Nzomo, mmoja wa wale mawakili vijana, akajitolea kuandika barua kali ya madai. "Umwandikie nani?" Waceke alimwuliza. "Huyu Debra hana mlango, hana dirisha, hata jina la baba yake hana." Wakati mwingine alimwonea Debra huruma. Alimwazia binti wa rika la Shiko, amefungiwa mahali, akilipwa kwa kusema pole kutwa kucha. Jioni moja alimwandikia kwamba anajua kosa si lake. Debra alijibu kwa alama ya moyo mwekundu.

Na kweli, baada ya hapo, pedali ya tatu ikaja, imefungwa kwa karatasi nyingi kama kikombe cha udongo. Waceke aliifungua akiwa amesimama mlangoni, hajavua hata viatu. Ephantus alitoka jikoni akamkuta ameikodolea macho.

"Usiniambie," alisema Ephantus.

Ilikuwa ya kushoto.

Siku hiyo Waceke hakumwandikia Debra. Alivua viatu, akakaa, akatulia, na sauti yake ya kazini ikamrudia. Kwenye simu yake bado palikuwa na namba ya yule mwendesha bodaboda aliyeacha katoni kwa Wambua. Akampigia. Akamuuliza hali, akamuuliza kama mvua imemnyeshea, akamuuliza kama watoto wameshafunga shule. Katikati ya hayo akamuuliza mizigo yao huichukulia wapi. Mwendesha bodaboda alimtajia jengo, ghorofa na rangi ya mlango.

Mchana wa kesho yake aliruka chakula, akashuka mjini. Jengo lenyewe lilikuwa nyuma ya barabara ya Luthuli, ngazi zake nyembamba zikipanda kati ya vibanda vya wigi, mapazia na vioo vya simu. Alipanda akishikilia kuta, pedali ya tatu mkobani. Juu kabisa alikuta mlango wa rangi ya chungwa, na nyuma yake chumba kilichojaa katoni hadi darini. Katikati ya katoni alikaa mwanamume mnene wa makamo, shati limempanda tumboni, akila chipsi kwenye karatasi. Alijitambulisha kwa jina la Norman.

"Namtaka Debra," alisema Waceke.

Norman aligeuka akatazama nyuma yake, kana kwamba Debra angeweza kweli kuwa hapo. "Debra ametoka."

"Atarudi saa ngapi?"

Norman alimtazama, akautazama mkoba, akatazama mlango ambao Waceke alikuwa ameuziba. "Madam," alisema kwa sauti ya chini, "Debra ni mimi."

Waceke alihitaji kukaa. Alikaa juu ya katoni.

"Kwanza nilikuwa naandika kama Norman," Norman alijitetea. "Lakini Norman walimtukana, madam. Walinitukania mpaka wazazi. Nikawa Debra, wakapoa. Debra wanamwonea huruma."

"Ulinitumia moyo."

"Uliniandikia vizuri. Siku hiyo ilikuwa mbaya."

Waceke alitoa ile pedali ya tatu akaiweka mbele ya chipsi. Akauliza, kwa ile sauti yake isiyo na haraka, ya kulia iko wapi. Norman akaeleza kwa kujiumauma. Baiskeli zilifungwa ovyo huko zilikotoka. Akiba aliyokuwa nayo ilikuwa pedali mbili tu, ya kulia moja na ya kushoto moja. Moja alimtumia yeye, ya pili akamtumia mzee mmoja wa Westlands aitwaye Kailash, ambaye humtumia ujumbe wa sauti kila asubuhi kabla ya jua, akimtukana Debra kwa Kiswahili na kwa Kigujarati.

"Huyo mzee ana shida gani?"

"Kama yako tu. Ila yeye alipata za kulia mbili."

Chini, mtu alikuwa akijaribu spika, akisema moja, mbili, moja, mbili.

"Norman."

"Naam, madam."

"Mzee alikuwa na za kulia mbili. Mimi nilikuwa na za kushoto mbili. Wewe ukamtumia ya kulia, na mimi ukanitumia ya kushoto."

Norman alifumba macho. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayepiga hesabu ya shule. "Sasa naona," alisema. "Nilizibadilisha."

"Na hata kabla ya hapo, hukufikiria kutukutanisha?"

"Nilikuwa nangoja kontena lingine."

Miaka yote ile ya wezi wa mashamba na mashahidi waongo, hakuna hata mmoja aliyemchosha Waceke namna hii. Wale walikuwa wajanja, na mjanja unaweza kumzidi ujanja. Huyu je, utamzidi nini? Alivuta pumzi. Akamwambia ampigie mzee huyo, sasa hivi, na aweke simu kwenye spika.

Norman akaanza kusema kwamba namba za wateja ni siri, kuna sheria. Waceke akamwambia mahali anapofanya kazi. Norman akapiga.

"Debra!" sauti ya mzee ililipuka. "Wewe Debra, leo ndiyo unapiga mwenyewe?"

"Si Debra," alisema Waceke. "Shikamoo, Bwana Kailash. Mimi naitwa Waceke, niko Kilimani."

"Unauza nini?"

"Siuzi kitu."

"Ndivyo mnavyosema nyote! Nimechoka na nyinyi, mama. Sitoi kitu tena, situmi picha tena. Nimepiga picha mpaka simu imejaa."

"Uliambiwa upige katoni ikiwa haijafunguliwa?"

"Nani amekwambia?"

"Bwana Kailash, una pedali ngapi?"

"Tatu! Kwani mimi nina miguu mitatu?"

"Zote za kulia?"

"Zote."

"Mimi nina tatu za kushoto."

Kisha ikasikika sauti ambayo Waceke aliidhania kikohozi, mpaka alipotambua kwamba mzee anacheka. "Hai Ram," Kailash alisema, akimwita Mungu wake. "Uko wapi, mama? Usitoke hapo. Hapana, toka hapo haraka, usije ukauziwa nyingine."

Walikutana Jumamosi kwenye hoteli ndogo ya chai huko Westlands. Kailash alikuwa mzee mwembamba, amevaa kofia ya jua, aliyekuwa akiuza miwani maisha yake yote kabla ya kumwachia mwanawe duka. Magoti yalikuwa yakimsumbua. Sonal, mke wa mwanawe, ndiye aliyemshauri kwamba baiskeli ni nzuri kwa magoti, na ndiye ambaye sasa alikuwa akimwuliza kila jioni magoti yanaendeleaje na ile baiskeli iliyokaa tu kwenye balkoni. Alizichukua pedali za Waceke, akazisogeza karibu na macho, akasoma L moja baada ya nyingine, kisha akachomoa zake kutoka kwenye leso. Wakabadilishana juu ya meza, kila mmoja akimtazama mwenzake mikono kama watu ambao wamewahi kuibiwa.

Baada ya hapo wakaagiza chai ya pili na kumsema Debra kwa raha zao. Waceke akaona ni haki amwambie ukweli. Kailash aliweka kikombe chini.

"Mwanamume?"

"Mnene. Anakula chipsi."

"Mimi nilimtumia salamu za sikukuu ya Diwali," Kailash alisema, na alionekana ameumia kweli.

Musembi alifunga pedali ya kulia kwa dakika chache, na mtu angedhani mambo yangeishia hapo. Lakini Waceke bado hakujua kuendesha. Alijifunza kwenye maegesho ya magari pale nyumbani, asubuhi za Jumapili, Ephantus akishikilia kiti kwa nyuma na kulalamika juu ya mgongo wake, Wambua akisimama getini kuzuia magari. Siku Ephantus alipomwachilia bila kumwambia, alikwenda mwenyewe kutoka kwenye tangi la maji hadi karibu na ukuta. Upepo ulimwingia kwenye gauni. Alipiga kelele, na madirishani watu wakatokea.

Kisha akatafuta breki, hakuiona. Usukani ulikuwa mtupu kama kijiti. Kwa woga akarudisha miguu nyuma, na hapo akagundua kile ambacho Pepea Baiskeli haikukiandika popote, hata kwa herufi za sisimizi: breki ya baiskeli ile iko kwenye pedali, ukizirudisha nyuma inasimama. Ilisimama kweli. Waceke hakusimama. Alitua kwenye ua wa miti ya kayaba, na jioni nzima Ephantus akamtoa miiba mkononi, midomo ameikaza asicheke.

"Irudishe tu, Mama Shiko," alimwambia.

"Niirudishe kwa nani? Kwa Debra?"

Mnyororo ulichomoka wiki iliyofuata, ukachomoka tena. Madigadi ya nyuma ilianza kutoa sauti ya bati. Kailash alimpigia kumweleza kwamba usukani wake umelegea, unaangalia Ngara wakati gurudumu linaangalia Parklands, na Waceke akampa namba ya Musembi. Walikuwa wakipigiana hivyo kila kitu kilipoharibika, na kwa kuwa kitu kiliharibika karibu kila wiki, walizungumza mara nyingi kuliko ndugu.

Na bado kila Jumapili, kabla ya kanisa, barabara zikiwa wazi, Waceke alitoka. Hapo akajifunza jambo la mwisho ambalo tangazo lilimficha. Baiskeli ile ilitengenezewa watu wa kando ya bahari, mahali ambapo ardhi imelala. Ilikuwa nzito kama mlango wa benki na haikuwa na gia hata moja. Upande huu wa Nairobi ardhi hailali. Inashuka mtoni, inapanda, inashuka tena. Kwenye mteremko wa kuelekea Lavington alishuka akiwa malkia, miti ikimpita, machozi ya upepo machoni, akiimba kwa Kikikuyu wimbo asiokumbuka aliujulia wapi. Kisha chini, darajani, ukawa mwisho wa umalkia. Alishuka, akashika pembe mbili za usukani, na akaanza kuisukuma kupanda, akiilaani China, akimlaani Norman na mhandisi aliyeweka kilima mahali pale.

Gari likapunguza mwendo kando yake. Ephantus alikuwa amevaa suti ya kanisani, dirisha wazi.

"Mama Shiko, tuitie kwenye buti?"

"Nenda zako, Baba Shiko."

"Ibada inaanza."

"Nimekwambia nenda!"

Ephantus hakwenda. Aliendesha polepole nyuma yake, taa za hatari zikiwaka, na magari yaliyokuja nyuma yao yakaanza kupiga honi moja baada ya nyingine, mpaka juu ya kilima.